Kompyuta Ikisema "Error": Namna ya Kuisikiliza

Najua umezoea kukuta mashairi, vitendawili na insha za methali katika kurasa hizi, nami sina ubaya navyo. Hata hivyo, mlezi wa chama ameniomba nieleze jambo ambalo wanachama wengi wamekuwa wakiniuliza tangu muhula wa kwanza. Ile programu inayokagua tahajia za Kiswahili tuliijenga vipi? Na yale maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakimwagika kwenye kioo kama mvua ya masika yalikuwa na maana gani? Nimekubali kuandika kwa sababu mwakani sisi wa kidato cha tatu tutakuwa tukijiandaa kwa KCSE, na kompyuta hizi zikifutwa, kazi yote itaanza upya mikononi mwa wengine.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili lina uzito. Gazeti hili huchapishwa kwa michango ya wanachama. Mchapishaji akishapiga chapa, hata ukilia machozi hakuna kurudi nyuma. Katika toleo moja la zamani, ambalo lingali kabatini kwa anayetaka kuliona, neno "Mashairi" limeandikwa "Mashahiri" kwa herufi kubwa juu ya ukurasa mzima. Nimeambiwa kwamba wenzetu wa shule jirani walicheka mwaka mzima. Chama cha Kiswahili kisichojua kuandika Kiswahili! Ndipo tukaanza kutafuta programu ya kutukagulia.

Programu tuliyoipata inaitwa Aspell. Ni ya mradi wa GNU, mwandishi wake ni Kevin Atkinson, na ni ya bure kabisa. Ina kamusi za lugha nyingi, na Kiswahili kimo kwa ufupisho wa "sw". Tatizo ni kwamba diski ya Linux tuliyo nayo shuleni haikuja na kamusi hiyo, na intaneti yetu ni ya kubahatisha. Mwalimu wetu alituletea vifurushi viwili kwenye flash, kimoja cha Aspell yenyewe, toleo 0.60.8.1 la mwaka 2023, na kingine cha kamusi ya Kiswahili. Vyote viwili vilikuwa chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyotoka mkononi mwa mwandishi. Ilibidi tuvikompaili.

(Hapa mlezi wetu angependa niseme tarakilishi badala ya kompyuta, na "kukusanya" badala ya "kukompaili". Tarakilishi ni neno zuri, lakini tukiwa chumbani kila mtu husema kompyuta, nami naandika vile tunavyosema.)

Kukompaili ni nini? Programu huandikwa na binadamu kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma, mathalani C au C++. Mashine haiielewi lugha hiyo. Kompaila ndiyo mkalimani anayechukua maandishi hayo na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Kompaila inayotumika sana katika Linux ni GCC, iliyotolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987, miaka minne kabla ya Linus Torvalds, mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, kutangaza Linux mwaka 1991. Ukinunua chapati kibandani umepata programu iliyokwisha kukompailiwa. Ukipewa unga, mafuta na karatasi ya maelezo umepewa chanzo. Bila shaka chapati ya kibandani ni rahisi zaidi, na kama kompyuta yako ina intaneti nzuri na programu unayoitaka imo katika hazina ya Linux yako, andika "sudo apt install" na jina lake, uende zako. Mimi nasema na yule aliyepewa unga.

Safari yenyewe ina hatua chache. Unafungua kifurushi kwa amri ya tar. Unaingia ndani ya folda na kuandika

./configure

ambayo hukagua kama kompyuta yako ina kila kitu kinachohitajika. Kisha unaandika

make

ambayo huita kompaila kwa kila faili na mwishowe kuviunganisha vipande vyote kuwa programu moja. Halafu

make install

huviweka vitu mahali pake. Amri tatu tu. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika kumi. Sisi ilituchukua wiki mbili za vipindi vya chama, na sasa nitakueleza zilikwenda wapi.

Jambo la kwanza la kujua, nami nalisema kabla ya mengine yote, ni kwamba kosa la maana ni lile la kwanza, si lile la mwisho. Watu wengi hutazama mwisho wa kioo kwa sababu ndiko macho yalipo. Huko wanakuta maneno kama haya:

make[1]: * [Makefile:512: all] Error 2
make: * [Makefile:310: all-recursive] Error 2

Basi wananakili "Error 2" kwenye daftari na kuja kuuliza Error 2 ni ugonjwa gani. Mmoja wa kidato cha pili alishikilia kwamba maana yake ni makosa mawili, na akayatafuta yote mawili kwa bidii. La hasha. Nambari ile si hesabu ya makosa. Ni ishara tu kwamba kazi iliyoagizwa haikufaulu. Make ni kama kiranja anayekuja kumwambia mwalimu, "Darasani kuna kelele." Hajui nani amepiga kelele wala kwa nini. Ukitaka kujua, nenda darasani, yaani panda juu ya kioo mpaka ufike pale maneno "error:" yalipotokea mara ya kwanza.

Kupanda juu kwenyewe kunaweza kuchosha, maana mistari ni mamia. Kwa hiyo sisi huhifadhi kila kitu katika faili, hivi:

make 2>&1 | tee matokeo.txt

Halafu tunatafuta kosa la kwanza:

grep -n -m1 "error" matokeo.txt

Kwa nini la kwanza? Kwa sababu kompaila ikikosa mabano moja tu katika mstari wa 20, kila kitu kinachofuata huisomea vibaya, na inaweza kulalamika mara hamsini kuhusu mistari isiyo na hatia. Ukiziba lile la kwanza, arubaini na tisa huyeyuka zenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni wa kioo kizima.

Jambo la pili ni kujua ni nani anayelalamika. Tar ikilalamika, tatizo liko kwenye kifurushi. Configure ikilalamika, kuna kitu hakimo katika kompyuta yako. Kompaila, ambayo hutaja jina la faili na nambari ya mstari, ikilalamika, tatizo liko kwenye maandishi au kwenye faili zinazoitwa na maandishi hayo. Ukiona "ld" au "collect2", ni yule wa kuunganisha vipande. Na kama programu imekwisha jengwa lakini inakataa kuamka, hilo nalo ni jambo jingine kabisa. Kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimfai mwingine.

Sasa tuingie shambani. Siku ya kwanza hatukufika hata kwenye configure. Tulipofungua kifurushi mashine ilisema:

gzip: stdin: unexpected end of file
tar: Unexpected EOF in archive

Maana yake kifurushi kimekatika. Flash ilichomolewa kabla kunakili hakujakamilika. Hapa hakuna ufundi wowote, ni kunakili upya na kulinganisha ukubwa wa faili na ile ya asili. Kisha kuna kisa kingine cha flash ambacho kimewasumbua wengi. Mtu anafungua kifurushi palepale ndani ya flash, anaandika ./configure, na mashine inamjibu "Permission denied". Anadhani amekatazwa na mwalimu. Kumbe flash nyingi zimepangwa kwa mtindo wa FAT, ambao hauna njia ya kuandika kwamba faili hii inaruhusiwa kuendeshwa kama programu. Nakili kifurushi chote kwenye folda yako ya nyumbani, ukifungulie huko, na malalamiko yatakwisha.

Siku ya pili configure ilianza vizuri, ikaandika mistari miwili mitatu, halafu:

checking whether build environment is sane... configure: error: newly created file is older than distributed files!
Check your system clock

Hebu litazame kosa hili, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linasema kwamba faili iliyotengenezwa sasa hivi ni ya zamani kuliko faili zilizokuja katika kifurushi. Mtoto amezaliwa kabla ya mama yake! Tuliandika "date" na kompyuta ikatujibu kwa utulivu mkubwa kwamba ni mwezi wa Januari, miaka mingi kabla ya Aspell hiyo kutolewa.

Sababu yake ni betri. Ndani ya kompyuta za mezani kuna betri ndogo ya mviringo kama sarafu, mara nyingi ya aina ya CR2032 yenye volti 3, ambayo huiwezesha saa kuendelea kutembea hata umeme ukizimwa. Kompyuta zetu ni za msaada na umri wake ni mkubwa, na betri nyingi zimekufa. Kila tukizima, saa inarudi utotoni.

Lakini kwa nini kujenga programu kutegemee saa? Hapa ni lazima nikueleze habari za make. Iliandikwa mwaka 1976 na Stuart Feldman katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwenzake, Steve Johnson, alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari alikwisha kuisahihisha. Alikuwa amerekebisha maandishi lakini faili haikuwa imekompailiwa upya, kwa hiyo alikuwa akiendesha ile ya zamani bila kujua. Feldman akatengeneza make ili mashine yenyewe ijue ni faili zipi zinazohitaji kukompailiwa tena. Inajuaje? Inatazama saa. Ikiwa maandishi ni mapya kuliko kile kilichojengwa kutokana nayo, inajenga upya. La sivyo, inakiacha kama kilivyo. Sasa fikiria saa ikiwa ya uongo. Make inaweza kuruka faili inayotakiwa kujengwa, au kuijenga tena na tena. Hata ukipita configure, utaonywa hivi:

make: warning:  Clock skew detected.  Your build may be incomplete.

Wengi huliona neno "warning" wakalipuuza. Maonyo mengi ya kompaila kweli yanaweza kungoja, lakini hili usilipuuze. Dawa ni kuweka tarehe sahihi, kazi ambayo hufanywa na mwenye nywila ya msimamizi, na kwetu ni mwalimu. Kuna watu watakushauri ubadilishe tarehe za faili zote kwa amri ya touch ili zilingane na saa mbovu. Sikushauri. Faili za kifurushi zina mpangilio wa nani alimtangulia nani, na ukiuvuruga unaweza kukutana na "WARNING: 'aclocal-1.16' is missing on your system", ukaanza kusaka chombo ambacho hukukihitaji kabisa. Betri ni bei nafuu kuliko shida hiyo.

Saa ilipowekwa sawa, kompyuta moja ilitoa:

configure: error: no acceptable C compiler found in $PATH

Hili ni wazi. Hakuna kompaila. Katika Debian na Ubuntu kifurushi kinachoitwa build-essential huleta gcc, g++ na make kwa pamoja. Kwa Aspell unahitaji g++ hasa, maana imeandikwa kwa C++. Kuna binamu yake kosa hili, asemaye "C compiler cannot create executables", ambaye ni msumbufu zaidi kwa kuwa hasemi sababu. Yeye hukuelekeza kwenye faili iitwayo config.log. Ifungue! Ni ndefu na inatisha, lakini configure huandika humo kila jaribio ililofanya na jibu ililopewa. Tafuta maneno yale yale ya kosa ndani yake, kisha soma mistari michache iliyo juu yake. Sababu ya kweli hukaa hapo. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya anayefaulu na anayekata tamaa katika kazi hii ni config.log tu.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo, ukijenga programu nyingi, utalikuta mara nyingi kuliko mengine:

skrini.c:12:10: fatal error: ncurses.h: No such file or directory
compilation terminated.

Lisome pole pole. skrini.c ni faili, 12 ni mstari, 10 ni nafasi ndani ya mstari. Kompaila imeambiwa isome faili ncurses.h na haikuipata. Ncurses ni maktaba, yaani mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa ili programu nyingine ziazime, na hii huchora vitu kwenye kioo cha maandishi. Kinachowachanganya watu ni kwamba maktaba hiyo tayari imo. Programu nyingine zinaitumia vizuri! "Mbona inasema haipo?" Jibu ni kwamba maktaba huja kwa sehemu mbili. Moja ni ya kuendeshea programu, na nyingine ni faili za vichwa, zile zenye nukta h, ambazo huieleza kompaila jinsi ya kuiita maktaba. Mla chapati hahitaji karatasi ya maelezo, mpishi anaihitaji. Katika Debian na Ubuntu karatasi hizo huwekwa katika kifurushi tofauti ambacho jina lake huishia na -dev. Kwa ncurses ni libncurses-dev. Katika Fedora huishia na -devel. Ukishalijua hili, nusu ya makosa ya "No such file or directory" huacha kuwa fumbo.

Kuunganisha nako kuna vilio vyake. Ukiandika programu ndogo ya hisabati inayotafuta kipeo cha pili kwa sqrt, kisha ukaandika "gcc kipeo.c -o kipeo", huenda ukajibiwa:

undefined reference to `sqrt'
collect2: error: ld returned 1 exit status

Kompaila imeridhika na maandishi yako, lakini alipofika yule wa kuunganisha hakuona sqrt yenyewe iko wapi. Mwambie aitafute katika maktaba ya hisabati kwa kuongeza -lm mwishoni. Nasema mwishoni kwa makusudi. Katika mifumo kama Ubuntu, ukiiweka kabla ya jina la faili inaweza kupuuzwa, kwa sababu muunganishaji husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na wakati anaipita hakuna aliyekuwa ameiomba. Ikiwa badala yake anasema "cannot find -lncurses", hapo maktaba yenyewe haioni kabisa, nawe unarudi kwenye ule ushauri wa -dev.

Kuna mengine nitayapitia kwa haraka. "Makefile:4: * missing separator.  Stop." huja mtu anaponakili Makefile kupitia simu. Mistari ya amri ndani ya Makefile lazima ianze kwa kitufe cha Tab, si nafasi za kawaida, na simu nyingine hugeuza Tab kuwa nafasi. Inasemekana Feldman alitambua mapema kwamba jambo hilo lingesumbua, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazani moja, wengi wao marafiki zake, naye hakutaka kuwavurugia. Kwa heshima ya watu kumi na wawili dunia nzima inateseka mpaka leo! Kisha kuna "Killed signal terminated program cc1plus". Hapo maandishi hayana kosa lolote. Kumbukumbu ya kompyuta imejaa na Linux imeamua kumtoa kafara kompaila. Faili za C++ hula kumbukumbu nyingi. Funga kivinjari, na usitumie "make -j4" kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja, maana -j4 inaamuru kazi nne kwa wakati mmoja. Andika make peke yake, uende ukanywe maji.

Pia jihadhari na programu kuukuu. Wengine wetu walitaka kujenga michezo ya zamani wakajibiwa "multiple definition of" mara ishirini. Mwandishi wa zamani hakukosea kwa sheria za wakati wake. GCC toleo la 10 la mwaka 2020 lilianza kukataa jambo ambalo matoleo ya awali yalilivumilia, yaani jina moja la kigezo kutangazwa katika faili kadhaa. Unaweza kuirudisha tabia ya zamani kwa

./configure CFLAGS="-g -O2 -fcommon"

Na GCC toleo la 14 la mwaka 2024 liliongeza ukali, kwani kuita kazi ya C ambayo haijatangazwa, jambo lililokuwa onyo tu, sasa ni kosa.

Turudi kwa Aspell yetu. Make ilipomalizika kwa amani tulipiga makofi, kumbe bado. Tulipoandika make install, tuliambiwa "Permission denied", na safari hii ilikuwa kweli tumekatazwa. Bila kuelekezwa, programu huenda katika /usr/local, na huko mwanafunzi haruhusiwi kuandika. Tulikuwa na njia mbili, kumwomba mwalimu kila mara, au kuijenga ndani ya folda zetu wenyewe. Kwa majaribio tulichagua ya pili:

./configure --prefix=$HOME/programu
make
make install

Imesakinishwa. Tukaandika "aspell" na kujibiwa "command not found". Haikupotea, ila Linux haijui kutazama humo. Orodha ya mahali inapotazama huitwa PATH, nawe unaiongezea hivi:

export PATH=$HOME/programu/bin:$PATH

Mstari huo uweke ndani ya faili .bashrc, la sivyo utausahau kila ukifunga kioo.

Ndipo tukafika kwa kamusi. Kifurushi cha kamusi nacho kina ./configure yake, ambayo huiuliza Aspell, "Kamusi zako unaziweka wapi?" Kwa hiyo ni lazima Aspell iwe imesakinishwa na ionekane katika PATH kabla hujaanza. Hapa palikuwa na mtego uliotula siku nzima. Baadhi ya kompyuta zetu zilikuwa na Aspell nyingine iliyokuja na Linux. Ikiwa hiyo ndiyo inayoonekana kwanza, kamusi hujaribu kuingia katika folda za mfumo na kukataliwa. Na hata mwalimu akiiingiza humo kwa nywila yake, wewe ukiendesha ile ya nyumbani kwako utaambiwa:

Error: No word lists can be found for the language "sw".

Kamusi ipo, Aspell ipo, lakini hazijuani! Amri ya kumaliza ubishi ni "which aspell", ambayo hukuonyesha ni Aspell ipi inayoitikia. Kisha "aspell dicts" hukuorodheshea kamusi inazozijua. Ukiiona sw katika orodha, umefika.

Mwalimu alipoona inafanya kazi, aliamua kuiweka kwa ajili ya wote katika /usr/local, na huko likaja kosa la mwisho:

aspell: error while loading shared libraries: libaspell.so.15: cannot open shared object file: No such file or directory

Watu walitaka kukompaili upya kuanzia mwanzo. Hapana, kukompaili kumekwisha. Hili ni la kuamka. Maktaba ya Aspell imewekwa /usr/local/lib, lakini Linux huweka orodha ya maktaba zake na haikuwa imeisoma upya. Mwalimu aliandika "sudo ldconfig" mara moja, kila kitu kikatulia.

Sasa mtu akitaka kukagua shairi lake huandika

aspell -l sw check shairi.txt

na maneno yenye shaka humulikwa moja moja. "Mashahiri" ilinaswa papo hapo, nililijaribu mwenyewe. Lakini nisikudanganye, ndugu msomaji. Aspell hulinganisha maneno na orodha, na Kiswahili si lugha ya kumalizika kwa orodha. Kitenzi kimoja kama "soma" kinazaa anasoma, hawajamsomea, tutakapowasomesheni na maelfu mengine kwa viambishi tu. Kwa hiyo programu hulalamikia maneno mengi yaliyo sahihi, na kwa upande mwingine huliachilia "kuku" pale ulipotaka kuandika "kaka", maana yote mawili yamo. Msomaji mwenye macho bado anahitajika. Neno likiwa sahihi, bonyeza "a" ili liongezwe katika orodha yako binafsi, ambayo huhifadhiwa katika faili .aspell.sw.pws ndani ya folda yako ya nyumbani.

Orodha tuliyoikusanya wakati wa kuhariri toleo hili tumeinakili kwenye flash ya chama, pamoja na vifurushi viwili na daftari lenye kila kosa tulilolipata na dawa yake. Viko kwa mlezi. Kompyuta nambari saba bado haijapata betri, kwa hiyo anayeitumia aandike "date" kabla ya kuandika make.